Historia ya Dasta

Kila aliyepita shule zetu hizi anaijua ile orodha. Mwalimu akitoka darasani, monita anasimama mbele na kipande cha chaki, anaandika kwenye kona ya ubao: WAPIGA KELELE. Ukicheka, jina. Ukigeuka nyuma, jina. Ukibisha kwamba hukucheka, unawekewa x2. Ukizidi kubisha, x3, x4, na hapo ujue kwisha habari yako, maana mwalimu akirudi hasikilizi kesi. Anasoma ubao, anachukua fimbo, anaanza na wenye x nyingi.

Lakini palikuwa na mtu mwingine ambaye huwa hatumsemi. Ni yule mshkaji wa dawati la mbele ambaye, monita akigeuka kidogo tu, ananyanyuka kama anakwenda kutupa takataka, anapitisha dasta, jina lako halipo. Mwalimu anaingia, anaita, wewe huitwi. Mimi niliokolewa hivyo mara mbili nikiwa kidato cha pili. Jina la monita wetu nalikumbuka mpaka leo, na la baba yake. La yule aliyeshika dasta nimelitafuta kichwani wiki nzima, silipati.

Ndugu msomaji, makala hii ni historia ya dasta. Si ile ya darasani. Ni ile iliyomo ndani ya kila chembe hai ya mwili wako sasa hivi unaposoma mstari huu, na ambayo wataalamu nao, kwa miaka mingi, waliitazama kama sisi tulivyomtazama yule mshkaji.

UBAO WA CHEMBE

Tuanze na ubao wenyewe. Mwili umejengwa kwa chembe, na ndani ya chembe kazi karibu zote zinafanywa na protini. Zamani watu walidhani protini za mtu mzima ni kama matofali: yakishajengwa ukutani, yamekaa. Aliyeuvunja ukuta huo ni Rudolf Schoenheimer, mkemia mzaliwa wa Berlin aliyehamia New York mwaka 1933, mwaka Hitler alipoingia madarakani. Aliwalisha panya chakula chenye naitrojeni nzito, yaani naitrojeni inayoweza kufuatiliwa kila inapokwenda. Panya hawakuongezeka uzito, lakini naitrojeni ile ilionekana imeingia katika protini za miili yao. Kumbe matofali yanabomolewa na kujengwa upya kila siku, nasi tunadhani nyumba imetulia.

Sasa utauliza: chembe inajuaje ibomoe lipi na iache lipi? Jibu ni kwamba inaandika majina ubaoni.

Chaki ya kuandikia ni protini ndogo inayoitwa ubikwitini, yenye amino asidi 76 tu. Ni ya kale mno: kati ya ile ya hamira ya maandazi na ile yako wewe, zinatofautiana amino asidi 3 peke yake. Protini inayotakiwa kuondoka inabandikwa ubikwitini kwa mkia. Juu ya ubikwitini hiyo inabandikwa nyingine, na nyingine tena: x2, x3, x4. Mnyororo ukifika nne au zaidi, mtambo wenye umbo la pipa uitwao protiasomu unaitambua vizuri protini hiyo, unaivuta ndani na kuikatakata. Vimeng'enya vya kuandika hupokezana chaki kwa hatua tatu, na wale wa hatua ya mwisho, wanaochagua nani aandikwe, kwa binadamu wako zaidi ya 600. Hao ndio monita.

Si kila alama ni hukumu ya kifo, tafadhali. Ubikwitini moja peke yake, au mnyororo uliofungwa kwa namna nyingine, mara nyingi ni amri tu: nenda kule, amka, nyamaza. Lakini iwe hukumu au amri, vipo vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kuikata ubikwitini na kuiondoa. Kwa binadamu vinakaribia 100. Hizo ndizo dasta.

VICHWA VIWILI, MKIA MMOJA

Mwaka 1975 Gideon Goldstein na wenzake, wakifanya kazi New York, walitoa protini hii ndogo kutoka katika tezi ya thimasi ya ng'ombe. Wao walikuwa wanatafuta homoni ya kuamsha chembe za kinga. Walipoipima wakaikuta kila walikotazama: kwa wanyama, kwa mimea, kwa hamira. Ndiyo maana ikapewa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya "kila mahali". Baadaye ilionekana kwamba ile kazi ya kuamsha kinga haikuwa yake. Ikabaki na jina kubwa na haina kazi, kama vijana wengi tunaowajua.

Wakati huohuo, huko Houston, Texas, kwenye maabara ya Harris Busch, Ira Goldknopf alikuwa anahangaika na protini ya ajabu iliyokaa pamoja na DNA. Waliiita A24. Ajabu yake ni hii: kila protini ni uzi mmoja wenye kichwa kimoja na mkia mmoja. A24 ilikuwa na vichwa viwili na mkia mmoja. Mwaka 1977 Goldknopf na Busch walieleza sababu. A24 ni protini mbili zilizounganishwa: moja ni histoni H2A, ambayo ni mojawapo ya vigogo ambavyo DNA huzungushiwa, na nyingine imebandikwa ubavuni mwake kwa mkia, kwenye amino asidi ya 119. Mwaka huohuo Lois Hunt na Margaret Dayhoff, waliokuwa wanakusanya na kulinganisha mpangilio wa protini za dunia nzima, wakaona kwamba huyo aliyebandikwa ubavuni ni ubikwitini.

Basi hapo ndipo alama ilipoonekana ikiwa imebandikwa kwa mara ya kwanza. Na hapohapo ndipo ilipoanza kuonekana ikifutwa.

Mwaka 1979, mjini Buffalo, Sei-ichi Matsui na wenzake walitoa taarifa kwamba chembe inapogawanyika, A24 inatoweka. Inatoweka kabisa, halafu mgawanyiko ukiisha inarudi. Histoni zenyewe hazijaenda popote, ila kilichobandikwa ndicho kimeondoka. Nani amekiondoa? Mwaka 1981 kundi la Busch, katika ini la panya, lilipata kazi ya kimeng'enya inayoitenganisha A24 kuwa histoni kamili upande huu na ubikwitini upande ule. Mwaka 1982 Matsui, safari hii pamoja na Goldstein, naye akatoa taarifa ya kimeng'enya cha namna hiyo.

Shika tarehe hizo, msomaji. Mwaka 1979 dasta imeacha alama ya vumbi. Mwaka 1981 na 1982 imeshikwa mkononi. Maana tutakwenda sasa mahali pengine, ambako hadithi hii huwa inaanzia kwenye vitabu vingi.

MANENO YA KUPITA KORIDO

Mahali hapo ni Haifa, Israeli, halafu Philadelphia, Marekani. Avram Hershko alikuwa na swali moja lililomsumbua tangu ujana: kwa nini chembe inatumia nishati kubomoa protini? Kubomoa nyumba hakuhitaji mafundi, unaiachia tu mvua. Kama chembe inalipa ili kubomoa, lazima kuna kitu inanunua.

Yeye na mwanafunzi wake, Aaron Ciechanover, walitumia chembe changa nyekundu za damu ya sungura, kwa sababu zimeshapoteza vile vifuko vya kumeng'enyea ambavyo wataalamu wengi walidhani ndivyo vinavyofanya kazi yote. Wakatenganisha maji ya chembe hizo mafungu mawili. Kila fungu peke yake halikufanya kitu, lakini ukiyachanganya, protini zinabomolewa. Wakalichemsha lile fungu la kwanza ili wajue kilichomo. Protini zilizojaa humo zikaganda kama yai. Moja ndogo ikabaki nzima ndani ya maji ya moto, na kazi yake ikabaki nayo. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 1978. Wakaipa jina la muda, APF-1.

Hershko na Ciechanover walikuwa wakienda Philadelphia kufanya kazi na Irwin Rose, na mwaka 1980 wote kwa pamoja wakatoa taarifa iliyogeuza mambo: APF-1 inajibandika kwenye protini inayosubiri kubomolewa, si moja tu, nyingi. Nishati ile ni gharama ya kuandika jina.

Lakini APF-1 yenyewe ni nini? Hapa ndipo ninapopapenda. Haikuwa mashine iliyotoa jibu, yalikuwa maongezi. Palepale Philadelphia alikuwepo kijana aitwaye Michael Urban, aliyekuwa anashughulika na histoni. Waliposimuliana habari za protini moja kubandikwa ubavuni mwa nyingine, ikakumbukwa ile A24 ya Houston, yenye vichwa viwili. Keith Wilkinson, Urban na Arthur Haas wakapima, na mwaka 1980 wakathibitisha: APF-1 ndiyo ubikwitini. Yule kijana mwenye jina kubwa alikuwa amepata kazi.

Ona basi. Alama ya kwanza kuonekana haikuwa ya hukumu. Histoni ile huwa haibomolewi kwa sababu ya alama yake. Inaandikwa na kufutwa, inaandikwa na kufutwa. Na ni hiyo alama isiyoua iliyosaidia kuitambua ile inayoua.

MFAGIAJI

Mwaka 2004 Ciechanover, Hershko na Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kugundua jinsi ubikwitini inavyopeleka protini kubomolewa. Walistahili, hakuna ubishi. Mimi ninachouliza ni kwamba dasta ilikuwa wapi katika masimulizi yale.

Haikusahauliwa. Katika mchoro wa wazo lao wa mwaka 1980, kina Hershko waliiwekea nafasi: lazima kiwepo kitu cha kuikata ubikwitini na kuirudisha itumike tena, na pengine kumwachia aliyeandikwa kwa makosa. Rose mwenyewe, pamoja na Jessie Warms, mwaka 1983 walitoa taarifa ya kimeng'enya kimojawapo kutoka katika zilezile chembe changa za damu. Cecile Pickart aliendelea nacho pamoja na Rose mwaka 1985. Kwa hiyo mmoja wa wale watatu wa Nobel alikuwa mtu wa dasta pia, ila sicho anachokumbukiwa.

Tatizo lilikuwa cheo. Kwenye vitabu dasta ilipewa kazi ya mfagiaji: darasa likiisha, anaingia, anakusanya vipande vya chaki, anaviweka kopoani. Nani anamwandika mfagiaji? Hata pale kimeng'enya kimoja cha aina hii kilipokuwa kimejaa mbele ya macho, hakikutambuliwa. Mwaka 1981 wataalamu waliokuwa wanachunguza protini za ubongo walitaja moja wakaiita PGP 9.5. Ilikuwa nyingi mno, asilimia 1 hadi 2 hivi ya protini zote za ubongo zinazoyeyuka. Madaktari wa maabara wakaitumia kama alama ya kutambulisha chembe za neva chini ya darubini. Miaka kadhaa inatumika kuonyesha wengine, hakuna anayejua yenyewe inafanya nini! Mwaka 1989 ndipo Wilkinson, yuleyule wa Philadelphia, na wenzake wakaonyesha kwamba ni dasta.

CHAKI INAYOZALIWA IMEFUNGWA

Mwaka 1984 Alexander Varshavsky, aliyeihama Moscow mwaka 1977 akaja Marekani, na wenzake walisoma jeni ya ubikwitini katika hamira. Wakakuta kitu kisichotarajiwa. Ubikwitini haitengenezwi moja moja. Jeni ile inatoa tano zimeunganishwa kichwa kwa mkia, kama bisi kwenye kijiti. Mwaka 1989 ikaonekana kwamba jeni nyingine za ubikwitini huitoa ikiwa imeshikamana na protini za kiwanda cha kutengenezea protini.

Maana yake nini? Maana yake hakuna chembe ya hamira, ya mnazi wala ya binadamu inayozaa ubikwitini iliyo huru, tayari kwa kazi. Lazima kwanza mtu aje aikate. Na anayeikata ni nani? Ni kimeng'enya cha jamii ileile ya dasta. Kabla monita hajaandika jina hata moja, dasta imeshapita. Yule tuliyedhani anaingia darasa likiisha, ndiye aliyefungua mlango asubuhi.

Halafu ikaja Chicago. Mwaka 1993 Feroz Papa na Mark Hochstrasser walitoa taarifa ya hamira iliyoharibikiwa jeni moja, waliyoiita DOA4. Jeni hiyo ni ya dasta. Sasa fikiri kwa akili ya kawaida: ukiiondoa dasta darasani, majina hayafutwi, kwa hiyo wanaochapwa watakuwa wengi zaidi. Sivyo? Hamira ile ilifanya kinyume. Ubomoaji ulizorota. Ndani yake kulijaa ubikwitini zilizong'ang'ania mabaki ya protini zilizokwisha kukatwa, na miaka michache baadaye kundi hilohilo likaonyesha kwamba chembe hizo zinaishiwa na ubikwitini huru. Hakuna wa kufuta, basi chaki imeisha. Ubao umejaa majina ya jana, na ya leo hayana pa kuandikwa.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu. Nilikuwa nimeamini kwamba kuandika na kufuta ni maadui. Kumbe anayeandika anaishi kwa mkono wa anayefuta.

MHARIRI

Mpaka hapo dasta ni mfagiaji mwenye heshima, lakini bado ni mfagiaji. Kilichombadilishia cheo ni inzi.

Jicho la inzi wa matunda limepangwa kwa vijicho vidogo mamia, na kila kijicho kina chembe nane za kupokea mwanga. Zipo inzi ambazo jeni yao iitwayo fat facets imeharibika, na vijicho vyao vinazidisha chembe hizo. Mwaka 1995 Yuehong Huang, Rohan Baker na Janice Fischer-Vize walionyesha kwamba jeni hiyo ni ya kimeng'enya kinachofuta ubikwitini, na kwamba kazi yake ni kuzuia protini isibomolewe. Hapa hakuna kukusanya chaki. Hapa dasta inaamua. Jina hili lifutwe, mwenye nalo abaki hai, na kwa uamuzi huo jicho linakuwa jicho.

Mwaka 1997 likaja neno ambalo sisi wa magazeti madogo tunalijua vizuri. Kundi lililowajumuisha George DeMartino na Robert Cohen lilieleza kimeng'enya kilichokaa kwenye mtambo wenyewe wa protiasomu, mlangoni kabisa. Kinautafuna mnyororo wa ubikwitini kuanzia ncha ya mbali, moja baada ya moja. Mwenye mnyororo mrefu hachomoki, atavutwa ndani kabla haujaisha. Mwenye mnyororo mfupi, yule aliyeandikwa kwa bahati mbaya, unaisha mapema, anaachiwa aende zake. Kazi hiyo waliiita uhariri.

Uhariri! Wewe uliyewahi kuleta shairi lako likarudishwa limekatwa beti mbili, unajua. Ulikasirika, ukamwita mhariri mchawi. Miaka imepita, unalisoma lile lililobaki, unanyamaza.

DASTA NI YA NANI?

Nisikudanganye lakini kwamba dasta ni huruma. Yule mshkaji wetu aliniokoa mimi, sawa. Aliwaokoa pia walionichokoza nikapiga kelele.

Ipo protini iitwayo p53, mlinzi anayeizuia chembe isigeuke kansa. Katika hali ya kawaida p53 anaandikwa ubaoni na kubomolewa muda wote, na monita wake ni protini iitwayo Mdm2. Mwaka 2002 Wei Gu na wenzake, New York, walionyesha kwamba dasta moja iitwayo HAUSP inalifuta jina la p53. Watu wakashangilia: huyu ni rafiki! Mwaka 2004 shangwe zikapoa. HAUSP inalifuta jina la Mdm2 pia. Yaani anamwokoa mtuhumiwa na anamwokoa monita, na ukimwondoa kabisa, monita ndiye anayeanguka na p53 ndiye anayeongezeka. Sasa sema mwenyewe, huyu yuko upande gani?

Kuna familia ambazo hurithi jeni mbovu ya dasta nyingine, CYLD, wakaota vivimbe vingi kichwani na usoni. Mwaka 2003 makundi matatu kwa mpigo yalionyesha kwamba CYLD huzifuta zile alama za kuamsha, zinazoiambia chembe iishi na kupambana. Alama isipofutwa, chembe haipati amri ya kutulia.

Wezi nao wamejifunza. Mwaka 2005 ilionekana kwamba kirusi cha SARS kinabeba dasta yake mwenyewe. Kinaingia ndani ya chembe na kufuta alama za ubikwitini, pamoja na za ndugu yake anayetumika katika ulinzi wa mwili. Mwaka 2020 kirusi cha UVIKO-19 nacho kikakutwa na dasta ya namna hiyo.

Na hapa hadithi inafika nyumbani. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa na vimelea vya malaria ya panya, vilivyofanywa sugu kwa dawa, walikuta mabadiliko katika jeni ya dasta moja ya kimelea, UBP-1. Basi watu wakajiuliza kuhusu malaria yetu. Mwaka 2014 ukatoka utafiti wa watoto 298 wa Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, waliotibiwa kwa dawa mseto. Katika vimelea vilivyobaki damuni siku ya pili au ya tatu baada ya dawa, badiliko moja la jeni hiyo ya dasta lilikuwa limeongezeka kuliko kabla ya matibabu. Hilo peke yake si ushahidi kwamba dasta ndiyo inayoishinda dawa, na watafiti wanaendelea kulichimba. Lakini fikiria umbali uliotembewa. Kitu kilichoonekana Buffalo mwaka 1979 kama protini inayotoweka na kurudi, leo kinatafutwa katika tone la damu la mtoto wa Mbita, ili kujua kama dawa aliyomeza jana itamtosha.

Mwaka 2005 Sebastian Nijman na wenzake, Uholanzi, walizihesabu dasta za binadamu jeni kwa jeni, wakapata 95 hivi. Tangu hapo zimegunduliwa jamii mbili zaidi, moja mwaka 2016, nyingine mwaka 2018, na kufanya jamii kuwa saba. Dawa za kuzizuia baadhi yake zimefika kwenye majaribio kwa wagonjwa wa kansa. Mfagiaji ameitwa ofisini.

JINA NISILOLIPATA

Naandika haya kwenye gazeti la vijana wanaotaka kuwa waandishi, kwa sababu najua tunavyojifikiria. Tunaamini mwandishi ni mtu wa chaki. Tunahesabu kurasa tulizojaza. Historia nayo inatuunga mkono, maana inawakumbuka walioandika jina na inawasahau waliolifuta, kwa sababu moja rahisi sana: aliyefuta vizuri hakuacha kitu cha kuonyesha. Utamwonyeshaje mtu fimbo ambayo hukuchapwa?

Watu wa Houston na Buffalo waliona kilichobandikwa na waliona kilichobanduliwa, karibu kwa wakati mmoja. Dunia ikachukua nusu ya kwanza na kuiacha nusu ya pili ikae kopoani kwa miaka kumi na zaidi. Haikuwa njama ya mtu. Ni mazoea tu. Ukiona ubao umejaa unauliza nani kaandika. Ukiona ubao mtupu huulizi kitu.

Mimi nimeanza kuuliza. Juzi nilikutana na tuliyesoma naye, tukasimama kituo cha basi tukakumbushana. Nikamtajia monita, akacheka, akalitaja jina lake na la baba yake, kama mimi. Nikamuuliza: na yule wa dawati la mbele, aliyekuwa anafuta? Akafikiri. Basi likaja, likajaa, likaondoka, bado anafikiri.

"Unajua," akasema, "na mimi alinifutia."